Bili ya mkono wa mwanangu

Ndugu zangu mlio huku Marekani, hasa mliofika juzi juzi, naomba mnisikilize. Mwaka jana kazini nilichagua bima ya afya yenye makato madogo kwa mwezi, nikajua nimeokoa. Machi mwanangu akaanguka kwenye bembea, mkono ukavunjika. Eksirei, hogo, daktari wa mifupa: dola 2,740. Bima haikutoa hata senti, maana yangu huanza kulipa nikishatoa dola 4,000 mfukoni mwangu kwanza. Nilikaa jikoni na ile bahasha mpaka chai ikapoa.

Kilichoniuma zaidi, bima ya aina hii huendana na akaunti ya akiba ya matibabu, HSA, na mimi sikuwa nimeweka kitu. Pesa yake haikatwi kodi ya serikali kuu, haipotei mwaka ukiisha, ukihama kazi unaondoka nayo. Mwaka 2025 familia iliruhusiwa kuweka hadi dola 8,550. Sasa nakatwa 120 kila mshahara.

Na chanjo za watoto msiahirishe kwa kuogopa bili. Chanjo hizo, bima huzilipia tangu siku ya kwanza, mradi mwende kwa daktari aliye kwenye orodha yao.