Maabara ya kemia huanzia kwenye kuta

Vijana wanaoanza kusoma kemia hapa Lubumbashi huniuliza kwanza habari za mashine, nami huwajibu kwa kuanza na kuta. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, kwa hiyo ni haki kabisa kwamba shaba na kobalti ya ardhi hii ipimwe hapa hapa, na watu wa hapa, kwa usahihi usiotiliwa shaka popote. Ila usahihi huo hautoki ndani ya mashine peke yake.

Mizani ya uchambuzi, inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu, huyumbishwa na mlango uliofunguliwa ghafla, na jua la dirishani, hata na lori la mgodini linalopita barabarani. Huhitaji chumba chake cha chini na meza nzito ya jiwe.

Chombo ninachokipenda kuliko vyote ni spektromita ya ufyonzaji wa atomu, ambayo njia yake ilielezwa na Alan Walsh, huko Australia, mwaka 1955. Unga wa malakaiti, yaani jiwe la kijani lenye shaba, huyeyushwa katika asidi, myeyusho ukanyunyiziwa katika mwali wa asetilini na hewa, kisha ukapitishwa mwalini mwanga wa taa ambayo kathodi yake, yaani ncha yake hasi, ni ya metali ile ile inayotafutwa. Atomu za shaba hufyonza mwanga wa nanomita 324.7, za kobalti ule wa 240.7, na kadiri zilivyo nyingi ndivyo mwanga unaobaki unavyopungua. Mitungi ya asetilini lazima isimame wima, imefungwa kwa mnyororo, mahali penye hewa, na mabomba yake yasiwe kamwe ya shaba, kwa sababu gesi hiyo ikikutana na shaba huweza kuunda kampaundi inayolipuka. Katika mji ambao bomba la shaba hupatikana kwa urahisi, ningependa onyo hilo liandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Kuna pia kabati la kuvutia hewa chafu. Shaba ikiyeyushwa katika asidi ya nitriki hutoa moshi wa rangi ya kahawia, ambao ni sumu kwa mapafu, na feni ya kabati hilo inapaswa kuuvuta kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde. Umeme ukikatika, feni husimama, lakini asidi haisimami. Kwa hiyo kazi hiyo isianzwe pasipo umeme wa akiba.

(Wanaofuata vitabu vilivyoandikwa pwani wakumbuke kwamba kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 96.)

Fedha zikipatikana, ningeanza na feni, nyaya, vidhibiti vya volti na mshahara wa fundi wa maabara. Kisha ningenunua taa ya akiba ya kobalti, na baada ya hayo ndipo ningefikiria spektromita ya pili.