Betri mbili za mkonga: pima kila moja peke yake

Huku Njombe, Juni na baridi yake ikishaingia, gari lenye betri dhaifu halina pa kujificha. Land Cruiser yangu, mkonga ya injini ya 1HZ ninayobebea mbegu za viazi kwenda Makete, ilianza kuzunguka kwa uchovu asubuhi. Stata inavuta polepole, bomba linatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, halafu kimya. Mchana jua likitoka, inawaka kwa kugusa funguo tu. Kila aliyepita alikuwa na lake: huyu nozeli, yule pampu, mwingine anataka nibadilishe hita plagi (zile za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha) zote sita. Nikakataza mtu yeyote kugusa pampu kabla betri hazijapimwa.

Sababu ni hii. Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda, kwenye 1HZ zaidi ya mara 22, mpaka inapata joto la kuwasha dizeli inayonyunyiziwa humo. Stata ikizungusha polepole, hewa hiyo inapata muda wa kuvuja na joto lake linanyonywa na kuta za silinda zilizolala kwenye baridi. Dizeli inanyunyizwa, haiwaki, inatoka nje kama moshi mweupe. Kwa hiyo dalili ambayo watu wengi wanaisoma kuwa ugonjwa wa pampu inaweza kuwa njaa ya umeme, na kupima umeme ni bure ukiwa na multimita, ile mita ya kupimia volti. Kufungua pampu si bure.

Mkonga yangu ina betri mbili za volti 12 zilizofungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea. Wanaweka mita juu ya betri moja, inasoma 12.3, wanasema, "Zimeshuka kidogo tu, chaji." Lakini zikiwa zimeungana, mita haisomi betri hiyo moja, inasoma ndoa yao. Nzima inainua mgonjwa, mgonjwa anaishusha nzima, nawe hujui nani ni nani.

Basi jioni, gari likiwa limetoka kazini na betri zimepata chaji, nililegeza vichwa vya waya kwa spana namba 10, hasi kwanza kwenye betri zote mbili, nikaziacha zilale zimeachana. Kulala ni lazima. Betri iliyotoka kuchajiwa ina volti za juujuu zinazodanganya. Asubuhi betri ya kushoto ilisoma 12.5, ya kulia 12.1. Betri nzima iliyojaa husoma 12.6 au 12.7, na ikifika 12.2 imebaki na karibu nusu.

Kwa kuwa zilikuwa za vifuniko vya kufunguka, nikatumia haidromita pia, kile kifaa cha kunyonya maji ya betri na kupima uzito wake. Hiki kifaa nakipenda kuliko mita, maana kinaingia chumba kwa chumba. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na maji ya asidi yakiwa na chaji kamili husoma karibu 1.270. Ya kushoto ilikuwa kwenye 1.250 vyumba vyote. Ya kulia vyumba vitano vilikuwa 1.200, na kimoja 1.120, yaani kitupu kabisa. Chumba kimoja kikiachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya 0.050, hiyo betri haina maisha tena, uichaji usiichaji. (Miwani na glovu jamani, na hapana sigara wala kiberiti: betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni hulipuka.)

Kipimo cha mwisho cha betri zenyewe ni cha mzigo. Tulichomoa waya wa soleno, ile swichi ya umeme inayofungulia dizeli pale kwenye pampu, ili injini izunguke bila kuwaka, tukafunga betri moja moja na kupiga stata. Kushoto peke yake ilishuka mpaka 10.1, injini ikazunguka. Kulia ikashuka chini ya 8, stata ikagonga "tak" na kunyamaza. Betri ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kuzungusha, mimi siibembelezi.

Kabla ya kwenda dukani kuna kipimo ambacho nawasihi msikiruke: waya wa ethi, yaani ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, yenyewe, si kwenye kichwa cha waya, na nyingine kwenye chuma tupu cha injini, halafu mtu apige stata. Mita inatakiwa kukaa chini ya 0.5. Yangu ilisoma 0.8. Waya ulikuwa mzima, ila pale unapofungwa kwenye injini palikuwa na kutu na grisi ya zamani. Msasa, bolti ikakazwa, ikawa 0.2. Ningefunga betri mpya bila kuona hilo, nazo zingeonekana dhaifu kabla ya mavuno. Altaneta, inayochaji betri injini ikiwaka, ilikuwa salama, 14.1 injini ikiwa inanguruma, na taa kubwa zikiwashwa 13.9. Hita plagi nazo zilikuwa nzima zote.

Fundi akaniambia, "Mama, ya kushoto si bado? Badilisha moja, uokoe hela." Ni fundi mzuri na namheshimu, lakini hapo sikukubaliana naye. Zilizofungwa sambamba zinachajiwa pamoja na kuchoka pamoja. Ukiweka mpya karibu na mzee, kila usiku gari limezimwa mpya inammiminia mzee chaji yake, na asubuhi zote zimechoka. Nunua mbili, aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja. Ile ya kushoto haikutupwa, inawasha taa za banda la kuku.

Dukani nilichukua betri mbili za ukubwa wa N70. Angalia tarehe iliyogongwa kwenye betri, kwa sababu betri huzeeka hata ikiwa rafuni, hasa kwenye duka lenye joto. Omba kuipima kabla ya kulipa. Ikisoma chini ya 12.4, rudisha. Angalia pia chanya iko upande gani, la sivyo waya hautafika. Na kama ni ile inayojazwa asidi palepale, isubiri itulie, kisha ichajiwe vizuri. Usiikimbize moja kwa moja kwenye gari.

Kabla ya kuzifunga, nilisafisha vichwa vya waya kwa maji moto na magadi ya sokoni. Yanachemka kidogo yakikutana na ule ukoga wa asidi, kisha unasuuza na kukausha. Chanya zinafungwa kwanza, hasi mwisho, halafu unapaka grisi juu.

Kilichoua betri yangu ya kulia, naamini, ni barabara. Kile chuma kinachoishika kilikuwa kimelegea na mpira wa chini umekwisha, hivyo ilikuwa inarukaruka njia nzima ya milimani. Mtikisiko hudondosha unga wa madini ya risasi kutoka kwenye sahani za ndani, unarundikana chini, chumba kimoja kinafungana, na ndiyo ile 1.120. Nilikata mpira wa tairi kuukuu kuwa mkeka, nikakaza chuma mpaka betri haitikisiki kwa mkono. Betri mbovu nilimuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa na asidi yake ndani. Tafadhali msimwage asidi hiyo shambani, ina risasi, na risasi haitoki kwenye udongo tunaolimia viazi.

Kwa wenye Fuso na magari mengine ya volti 24: kwenu betri mbili zimefungwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, kwa hiyo msiige ufungaji wangu. Vipimo vya betri moja moja ni vilevile. Ila angalieni sana redio au chaja ya simu iliyounganishwa kwenye betri moja tu ili kupata volti 12. Hiyo betri itakuwa inashuka kila siku huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi.