Hanania, Mishaeli na Azaria

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Danieli 1:6–7, kisha 2:17.

Shadraka, Meshaki na Abednego. Watoto wa Shule ya Jumapili huwataja kwa mkupuo mmoja. Ila hayo siyo majina waliyopewa na mama zao. Walipachikwa na mkuu wa matowashi kule Babeli, walipokwisha kutekwa. Kwao waliitwa Hanania, Mishaeli na Azaria. (Nami hulazimika kufungua Biblia kila mara kujua nani ni nani.)

Sudan ndiyo iliyonirudisha kwenye mistari hii. Vita ya pili ya wenyewe kwa wenyewe ilianza 1983, mwaka ule Rais Nimeiri alipotangaza sharia ya Kiislamu nchi nzima, na vita ikaisha 2005. Treni ya jeshi la serikali ilipoteremka kutoka Babanusa kwenda Wau, wanamgambo wenye farasi waliisindikiza, wakivamia vijiji vya Wadinka, kabila la kusini, huko Bahr el Ghazal. Ng'ombe waliswagwa, nyumba zikachomwa, wanawake na watoto wakapelekwa Darfur na Kordofan. Huko mtoto alikabidhiwa mbuzi wa kuchunga, akalala karibu na zizi, akapewa jina la Kiarabu na kufundishwa sala isiyo ya wazazi wake. Waliochukuliwa wangali wadogo, lugha ya mama iliwatoka kabisa.

Tusikimbilie kusema ni Waislamu dhidi ya Wakristo. Katika Milima ya Nuba jeshi hilohilo la serikali lilibomoa hata misikiti. Na Machi 1987, Wadinka wa mji wa ed-Daein, Darfur, walivamiwa kanisani, na kesho yake wengi wakateketezwa ndani ya mabehewa ya treni walimowekwa wapate usalama. Walioandika ripoti ya mauaji yale, na ya utumwa uliokuwa ukiendelea, ni wahadhiri wawili Waislamu wa Chuo Kikuu cha Khartoum, Ushari Mahmud na Suleiman Baldo. Ushari alitiwa kizuizini. Serikali ilikana. Hata ilipounda kamati yake mwaka 1999, iliiita kamati ya kutokomeza "utekaji" wa wanawake na watoto. Utumwa haukutajwa.

Tena yupo Bakhita, binti wa Darfur aliyezaliwa yapata 1869. Alitekwa akiwa mtoto, na hofu ikamfutia jina lake. Bakhita, yaani mwenye bahati, waliomwita hivyo ni watekaji wake. Sijui walikuwa wakimdhihaki. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, vita ikiwa bado inaunguruma kwao, na kwa jina hilohilo la watekaji tunaomba maombezi yake.

Sasa someni 2:17. Mfalme ameamuru wenye hekima wote wauawe. Danieli anakwenda nyumbani kwake, anawaarifu wenzake ili waombe pamoja, na mwandishi hawataji kama Babeli ilivyowataja. Anasema Hanania, Mishaeli na Azaria.

Tuombe.

Baba, wapo leo wanaoitika majina waliyopewa na waliowateka, na wengine hawakumbuki tena la kwanza. Wewe ulikuwepo siku walipopewa. Mama aliyebaki Bahr el Ghazal bado analitaja. Msikie. Amina.