Baba Neema alipokosa kazi, tulipanga upya saa za nyumba

Mwezi Septemba mume wangu alipunguzwa kazi kwenye kampuni ya ujenzi hapa Dodoma, alikokuwa mtunza stoo. Kiinua mgongo kilikuwa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, yaani siku 28 kwa miaka 4. Kilichotusogeza ni fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: theluthi ya mshahara kwa miezi 6, kwa sababu alikuwa amechangia zaidi ya miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari. Mwenye kupunguzwa asikae nyumbani bila kufuatilia hilo.

Mimi ni fundi cherehani Nkuhungu. Nilikimbilia kuongeza oda za sare za shule. Narudi saa tatu usiku, vyombo havijaoshwa, madumu matupu, Baba Neema yuko kibarazani kimya. Hakuwa mvivu. Alishinda akizungusha barua za maombi mpaka Mtumba, kwenye mji wa serikali. Nilinyamaza nisimuumize, nikafua usiku wa manane huku nimenuna. Hapo nilikosea sana.

Jumapili moja nikamwambia, "Baba Neema, nimechoka. Nisaidie."

"Mbona hukusema? Nilidhani hutaki niguse jiko lako."

Tukapanga usiku uleule. Watoto, chakula cha mchana na kujaza maji siku yakitoka, vyake. Jumatatu na Alhamisi asubuhi ni za kutafuta kazi, hazina mjadala. Mama mkwe alipokuja kutoka Mpwapwa akamkuta anachambua mlenda, akaguna, "Mwanangu umekuwa dada wa kazi?" Alijibu mwenyewe, "Mama, hapa ni kwangu." Moyo wangu ulitulia. Kama ningejibu mimi, ungekuwa ugomvi.

Desemba sare zilinizidi, akaanza kuja kibandani jioni. Nilimfundisha kutia vifungo. Sketi ya kwanza alivuta uzi mno, kitambaa kikajikunja. Akafumua, akarudia mara tatu, miwani puani. Mwisho wa wiki alikuwa anatia vifungo, anakata nyuzi na kupiga pasi, mimi nashona tu. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku moja.

Machi alipata stoo nyingine, mkataba wa miezi 6. Jumamosi bado anapika yeye, halafu anakuja kibandani. Juzi aliniuliza bei ya cherehani ya pili, tuinunue kabla ya Desemba.