Picha safi, macho yanasema mengine

Shemeji yangu, mume wa dada, aliendesha malori ya jeshi la Marekani huko Iraq. Bomu lililotegwa kando ya barabara lilipolipuka mbele yake hakuumia hata kidole, ila saa zilizofuata hazikumbuki mpaka leo. Picha ya CT, yaani eksirei inayoonyesha ubongo tabaka kwa tabaka, ilitoka safi. Tangu arudi, akisoma mistari inapandana, na dukani, katikati ya rafu ndefu, anashikwa na kizunguzungu. Daktari mmoja alimwambia ni mawazo tu. Neno hilo lilimuumiza kuliko kichwa chenyewe.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hukuhuku Marekani, na jambo hili linanikera. Mtikiso mdogo wa ubongo mara nyingi hauonekani kwenye CT, kwa sababu kinachoumia ni nyuzi nyembamba mno zinazounganisha sehemu za ubongo. Lakini kuongoza macho kunahitaji karibu ubongo wote: sehemu ya mbele, ubongo mdogo wa kisogoni, shina la ubongo, na neva tatu zinazovuta misuli sita ya kila jicho. Nyuzi zikiumia popote, macho hayaendi sawa.

Hapo ndipo kamera inapoingia. Mgonjwa anafuata nukta inayozunguka, na kamera inafuata mboni zake. Jicho lenye afya huteleza pamoja na nukta. Lililoathirika hubaki nyuma, kisha huruka kuidaka. Kifaa kiitwacho EyeBOX, kilichotokana na kazi ya Uzma Samadani, daktari wa upasuaji wa ubongo, humwonyesha mtu video inayozunguka pembezoni mwa skrini kwa dakika nne hivi, kisha hupima kama macho mawili yanakwenda pamoja. FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, ilikiruhusu mwaka 2018.

Ila kibali chenyewe kina mpaka: kitumike ndani ya wiki moja baada ya kuumia, pamoja na uchunguzi wa kawaida. Wiki moja! Mwanajeshi wa zamani aliyeumia miaka 15 iliyopita, asiyelala vizuri na anayekunywa dawa za kutuliza, macho yake yanaweza kuyumba kwa sababu nyingine kabisa.

Ndiyo maana nasema vipimo hivi vipelekwe kambini. Januari 2020 makombora ya Iran yalipopiga kambi ya Al Asad, Iraq, taarifa ya kwanza ilisema hakuna mwanajeshi wa Marekani aliyeumia. Baadaye zaidi ya 100 walikutwa na majeraha ya ubongo, mengi yakiwa madogo. Kila saa ya zile za mwanzo ilikuwa na thamani.

Kwa waliochelewa, bado kuna njia. Shemeji alipopimwa jinsi macho yanavyokutana kwenye kitu cha karibu, yakaonekana hayakutani. Chati ya herufi ukutani aliifaulu miaka yote, maana haipimi hilo. Sasa anafanya mazoezi ya macho kila jioni, na juzi alisoma kurasa tatu mfululizo. Kama una ndugu wa namna hii, kipimo hicho cha macho kukutana kiombeni kwa jina lake la Kiingereza: near point of convergence.