Mlango Ulikuwa Bado Mgumu

Nimerudi Kisauni kuoga na kubadilisha nguo, lakini usingizi hauji. Bora niandike kabla sijasahau.

Mdogo wangu alitimiza wiki 41 juzi, tumbo limetulia tuli. Mama alimpa tende na kumwambia atembee ufuoni asubuhi na jioni. Daktari naye akasema tusivute siku, kwani mimba ikipitiliza, hatari kwa mtoto huongezeka. Atalazwa, aanzishiwe uchungu.

Niliposikia "kuanzishiwa" moyo ulinipasuka. Miaka tisa iliyopita, katika hospitali ambayo siitaji, nilitundikiwa dripu bila kuelezwa neno. Uchungu ulikuja wa kukata pumzi, saa zikapita, na kila nikipimwa naambiwa, "Bado umefunga." Nilidhani mwili wangu una kasoro. Nimeishi na wazo hilo muda mrefu mno.

Safari hii tulimpata mkunga wa makamo, mpole. Alipomaliza kumpima mdogo wangu alimwambia, "Mamangu, gusa ncha ya pua yako." Akagusa. "Sasa gusa mdomo. Mlango wako wa kizazi uko kama pua. Tunataka uwe kama mdomo, ndipo uchungu ufanye kazi."

Kisha akatueleza anachopima: mlango umefunguka kiasi gani, umefupika kiasi gani, ni mgumu au laini, umeelekea wapi, na kichwa cha mtoto kimeshuka mpaka wapi. Kila kimoja kina alama zake, mtindo ulioandikwa na daktari Mmarekani, Edward Bishop, mwaka 1964. Mdogo wangu alipata alama 3. Ni kidogo. Kumtundikia dripu ya oksitosini, dawa ya kuchochea uchungu, wakati huo ni kuusukuma mfuko wa uzazi upigane na mlango ambao haujaiva.

Hapo nikajiona mwenyewe, miaka tisa nyuma. Embe bichi huvumbikwa kwanza. Halipigwi ngumi likalainika.

Dawa ya kuivisha aliyopewa ni misoprosto. Inafanya kazi kama prostaglandini, ambazo mwili wenyewe huzitengeneza kulainisha mlango. Asili yake ni dawa ya vidonda vya tumbo, na kidonge chake cha kawaida kina mikrogramu 200, ilhali mjamzito aliyetimiza miezi anahitaji 25 tu kwa mara moja. Ukikikata kwa wembe vipande vinane, havitoki sawa. Mkunga alikiyeyusha katika mililita 200 za maji, akawa anampimia mililita 25 kila baada ya saa mbili, akiutikisa mchanganyiko kila mara kabla ya kupima.

Kabla ya yote alimuuliza mara mbili kama amewahi kupasuliwa. Mwenye kovu kwenye mfuko wa uzazi hapewi dawa hii, kovu linaweza kuachia. Ndiyo maana nawaomba, dada zangu, msikubali kuletewa kidonge hiki nyumbani na mtu wa duka la dawa eti uzae haraka. Uchungu ukizidi mara tano ndani ya dakika kumi, mtoto hukosa hewa, na nyumbani nani atasikiliza mapigo ya moyo wake?

Kikombe cha kwanza saa tatu usiku. Saa tano, saa saba, saa tisa. Kila mara mkunga aliweka mkono tumboni, akahesabu, akasikiliza mtoto, ndipo akamimina. Kulipoadhiniwa alfajiri uchungu ulikuwa umeshika, wa mpangilio mzuri, naye akaacha kumpa. Alisema hata dripu ikihitajika, lazima zipite saa nne tangu kikombe cha mwisho.

Haikuhitajika. Alipompima tena hakusema kitu, aligusa mdomo wake tu, akatabasamu. Mdogo wangu akalia, mimi nikalia.

Mtoto wa kike, kabla ya adhuhuri, kilo 3.2. Mama alifika na uji wa pilipili manga na leso mpya. Mtoto akiwa ananyonya, mdogo wangu akaniuliza polepole, "Dada, wewe walikugusisha pua?"

Nikamwambia hapana.