Sauti ya Tatu Wameenda Shamba

Jumapili ya pili ya Januari sauti ya tatu yote, yaani wanaume wa tenor kwenye kwaya yetu, ilikuwa shamba. Mkazi wa Dodoma hataniuliza kwa nini: mvua ilinyesha Alhamisi, na mvua ya huku haimsubiri mtu amalize mazoezi ya kwaya. Kigangoni kwetu, barabara ya kwenda Bahi, walibaki akina mama, besi wawili, na mimi kwenye kinanda.

Basi njia ya tenor nikaipiga mwenyewe. Palipofifia kwenye fotokopi nikajazia za kwangu. Ikaja sadaka, beti zote nne zikaisha, foleni bado iko mlangoni. Nikachukua kipande cha kiitikio, nikakishusha kwenye besi, nikakipandisha tena, nikakizungusha hivyo mpaka mama wa mwisho akaweka bahasha yake.

Baada ya misa mwalimu wa kwaya akaniita pembeni. "Mdogo wangu, piga kilichoandikwa. Wazungu waliotunga muziki huu hawakuwa wanapigapiga tu."

Namheshimu sana mwalimu, ila hapo hapana. Mwaka 1602, huko Venice, Mfransisko mmoja aitwaye Lodovico Viadana alichapisha nyimbo mia moja za kanisa za sauti chache, pamoja na mstari wa besi kwa ajili ya kinanda. Sababu aliieleza mwenyewe: waimbaji wawili watatu walikuwa wanahangaika na nyimbo za sauti nyingi huku sauti nyingine hazina watu. Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Kumbe na kwao sauti ya tatu walikuwa wanakwenda shamba!

Mpigaji alipewa besi, zilizobaki atafute mwenyewe. Baadaye ikazoeleka kuandika tarakimu pale kwenye besi, kuonyesha sauti za kujazia juu yake. Ukiona 6 kwenye mi, unajua ni mi, so na do. Ila do uiweke juu au katikati, uivunjevunje au uibonyeze kwa mpigo mmoja, hiyo ni kazi ya vidole vyako na sikio lako.

Na Girolamo Frescobaldi, mpiga kinanda wa Basilika ya Mtakatifu Petro, Roma, tangu 1608, aliandika kwenye utangulizi wa tokata zake (vipande vya kinanda peke yake) za 1615 kwamba mpigaji anaweza kumalizia popote apendapo. Huyo foleni ya sadaka aliijua.

Lakini si kupigapiga, mwalimu ana haki yake kidogo. Mwaka 1553 Diego Ortiz alitoa kitabu kizima cha kuwafundisha wapiga viola, ala ya nyuzi, namna ya kupamba miisho ya muziki, mfano baada ya mfano, ukariri mpaka vidole vizoee. Babu yangu alikuwa hivyo na ilimba yake, ile ala ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba. Alikuwa na vipande kama kumi hivi, nilivijua vyote, na bado sikuwahi kukisia kinachofuata. Ukimwambia "babu, rudia kile cha jana," alikuangalia kama umemwomba arudie kupiga chafya.

Jumapili iliyopita foleni ilikuwa ndefu tena. Wimbo ukaisha. Mwalimu, mgongo ukiwa kwangu, akazungusha kidole kimoja hewani: endelea. Nikaendelea. Mahali pamoja nikaangukia kodi (sauti kadhaa zinazobonyezwa pamoja) ya nne badala ya ya tano, na bega lake la kushoto likapanda kidogo.